Kuosha rimu na matairi bila kuziharibu: maswali yanayoulizwa sana hapa Tanga

Hapa nimekusanya maswali ambayo watu wanayarudia kila siku kuhusu rimu na matairi, wenye magari wanauliza na vijana wanaoosha magari wanauliza pia. Majibu nimeyaandika kwa hali ya Tanga, maana sisi tuna hewa ya chumvi kutoka baharini, tuna vumbi jekundu la barabara za ndani, na wengi tunaoshea maji ya kisima yenye chumvichumvi, hivyo vitu vitatu vinabadilisha mambo mengi sana. Unaweza kuruka moja kwa moja kwenye swali lako, ila swali la kwanza lisome kwanza maana mengine yote yanategemea hilo.

## Ya msingi

Nitajuaje rimu zangu ni za aina gani?

Anza na sumaku. Ikinata hiyo ni rimu ya chuma cha kawaida, mara nyingi imepakwa rangi nyeusi au ya kijivu na imefunikwa na wilkapu ya plastiki, hizi unaziona sana kwenye Probox na gari nyingine za kazi. Isiponata hiyo ni spoti rimu, yaani aloi ya alumini.

Sasa kwenye spoti rimu ndiyo kuna mambo. Nyingi zinazotoka kiwandani zimepakwa rangi halafu juu kuna kliya, yaani tabaka angavu la kulinda rangi linalopakwa mwisho, ile ile iliyo kwenye bodi. Nyingine ni alumini tupu, imesuguliwa mpaka inang'aa lakini juu yake hakuna kitu kinachoilinda. Kuna za kromu, hizo unajiona sura kabisa. Kuna nyeusi za mati ambazo hazing'ai kwa makusudi. Na kuna zile zilizopigwa spree na fundi mtaani, ambazo hapa mjini ni nyingi kuliko watu wanavyofikiria, maana gari ukilinunua mkononi kwa mtu huwezi kujua rimu zimepita kwa nani.

Kujua kama kuna kliya chukua kitambaa cheupe na poloshi kidogo ya chuma, sugua sehemu ndogo ya nyuma isiyoonekana. Kitambaa kikigeuka cheusi tii, hapo unasugua alumini yenyewe, ni tupu. Kisipokuwa cheusi, kliya ipo. Fanya hivyo mara moja tu na ukumbuke jibu, kwa sababu dawa inayofaa rimu yenye kliya inaweza kuua rimu tupu ndani ya dakika chache.

Mbona rimu za mbele zinakuwa nyeusi haraka na za nyuma zinabaki safi?

Ni vumbi la breki. Ukikanyaga breki uzito wa gari unaenda mbele kwa hiyo breki za mbele ndizo zinafanya kazi kubwa, halafu mbele kuna diski iko wazi na nyuma gari nyingi ndogo zina dramu ambayo unga wake unabaki ndani. Shuka Lushoto mpaka Mombo zile kona zote halafu angalia rimu zako ukifika chini, utaelewa.

Si ni vumbi tu, likikaa lina shida gani?

Lina shida kubwa. Lile siyo vumbi la barabarani, ni unga wa pedi za breki na chembe za chuma zilizokwanguliwa kwenye diski, zinaruka zikiwa za moto na zinajichomeka juu ya kliya. Zikikaa pale, na unyevu wetu huu wa pwani na chumvi, zinashika kutu. Ndiyo unaona vidoa vya rangi ya chungwa ambavyo ukipitisha kidole vinakwaruza na sabuni haivitoi, hapo chuma kimeshaingia ndani ya rangi. Ukiwahi unatoa kwa sabuni na maji tu, ukichelewa unahitaji dawa, ukichelewa zaidi unahitaji fundi wa rangi.

Utaratibu wenyewe wa kuosha ukoje, mwanzo mpaka mwisho?

Paki kivulini, rimu ziwe zimepoa, weka mkono uone. Andaa ndoo mbili, moja ya sabuni na moja ya maji ya kusuuzia brashi, na hizi ndoo na brashi zake zisiguse bodi kabisa, maana chembe za chuma za kwenye rimu ukizihamishia kwenye mlango unauchora mikwaruzo.

Anza na rimu na matairi kabla ya bodi, halafu fanya tairi moja moja mpaka liishe ndipo uende lingine. Kwanza mwaga maji mengi, ya kutosha kweli, mpaka mchanga na udongo uondoke wenyewe bila kuguswa. Hapa ndipo watu wanapoharibu rimu: wanafika na kitambaa wanaanza kusugua wakati mchanga bado uko pale, kila duara unalosugua unachora. Maji kwanza, mkono baadaye.

Kisha sugua tairi lenyewe kwa brashi ngumu kidogo ya nailoni na sabuni, pande zote, suuza. Rimu unaigusa kwa sponji laini au brashi yenye manyoya laini, kwenye matundu ya naati na kona za spoku (ile mikono ya rimu inayotoka katikati) tumia brashi ya rangi ile ya inchi moja, ni ya bei rahisi na inaingia kila mahali, ila funga soleteepu kwenye kile kibati chake kisikwaruze. Ndani ya rimu, upande wa nyuma ya spoku, usipaache, uchafu unaokaa kule ndiyo unaoanza kula rimu na wewe huuoni. Suuza tena kwa maji mengi, halafu kausha kwa taulo la maikrofaiba au fulana ya pamba iliyochakaa. Kukausha siyo urembo, kwa maji yetu ni lazima, sababu iko kwenye swali la madoa meupe huko chini.

Mara ngapi kwa mwezi?

Kila wiki moja mpaka mbili inatosha kwa gari la mjini. Kama unalala Raskazone au unafanya kazi bandarini, hata ukikosa muda wa kuosha pitisha maji safi kwenye rimu kila wiki kutoa chumvi. Msimu wa masika watu wanasema mvua inaosha, mvua inaondoa vumbi la juu tu na inaleta tope, lile la breki linabaki pale pale.

## Sabuni na dawa

Sabuni ya unga ya kufulia inafaa?

Kwa matairi ukiikosa nyingine sawa. Kwa rimu hapana, ina nguvu sana, inaondoa waksi yote na punje zisizoyeyuka zinakwaruza, halafu isiposuuzwa vizuri inaacha utando mweupe. Shampuu ya gari ndiyo bora. Sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, kidogo kwenye ndoo nzima, inakubalika ukikwama lakini nayo inaondoa waksi, kwa hiyo isiwe ndiyo ya kila siku.

Kuna jamaa anatumia asidi, uchafu unatoka dakika moja rimu inakuwa mpya. Kuna ubaya?

Ndiyo, na hapa naomba unisikilize vizuri. Kile unachokiona kama kung'aa ni asidi imekula ngozi ya juu ya rimu pamoja na uchafu wake. Mara ya kwanza inapendeza. Ya pili inapendeza. Baadaye kliya inaanza kuwa na ukungu, halafu inababuka, na kwenye alumini tupu hupati hata hiyo nafasi, inafubaa siku hiyo hiyo na kubaki na madoa ya kijivu ambayo hayatoki mpaka isuguliwe upya kwa mashine. Asidi pia inadondokea kwenye kaliparesi za breki (vile vyuma vinavyobana diski), naati na diski, vyote vinashika kutu, nawe unadhani ni uzee wa gari.

Maji ya betri ni asidi ya salfa. Dawa nyingi za kusafishia choo zina asidi ya haidrokloriki. Zote mbili hazina kazi kwenye rimu. Na kuna dawa kali za kiwandani za kusafishia rimu zenye asidi ya haidrofloriki, hiyo ni hatari ya maisha kabisa, inapenya ngozi bila kuuma sana mwanzoni halafu inaenda mpaka kwenye mfupa. Vijana wetu wanaosha miguu peku, mikono haina glavu. Hakuna rimu yenye thamani ya mkono wa mtu, ukiona dawa haina lebo au anayekuuzia hajui ndani kuna nini, iache hapo hapo dukani.

Na Jik je, si inatakatisha?

Inatakatisha nguo nyeupe. Kwenye rimu inaleta kutu kwa naati na kushambulia alumini, kwenye tairi inakausha mpira. Na kamwe usiichanganye na dawa ya choo au asidi yoyote kwenye ndoo moja, inatoa gesi ya klorini, hiyo inaua.

Kostiki na magadi?

Watu wanafikiri hatari ni asidi tu. Alumini inaliwa pande zote mbili, kwa asidi na kwa vitu vikali vya upande wa pili kama kostiki, yaani soda kali ya kutengenezea sabuni. Kostiki ikigusa alumini tupu inachemka mapovu mbele ya macho yako. Magadi ni laini zaidi lakini nayo inaifanya alumini iwe nyeusinyeusi, aliyewahi kuyachemsha kwenye sufuria ya alumini ameshaona. Yabaki jikoni.

Kuna dawa inapuliziwa rimu zinatoa machozi ya zambarau, ni nini hiyo?

Hiyo ni dawa ya kuondoa chembe za chuma. Siyo asidi kali, inakamata chuma peke yake, na inapokutana nacho inageuka zambarau, ndiyo maana ukipuliza kwenye rimu safi haibadiliki rangi. Harufu yake mbaya, ya yai viza, kwa hiyo fanya sehemu yenye hewa na vaa glavu.

Inafaa rimu zenye kliya. Puliza kwenye rimu iliyopoa, subiri dakika tatu mpaka tano, usiruhusu ikauke, sugua taratibu, suuza sana. Huihitaji kila wiki, mara moja kila baada ya miezi michache inatosha kama unaosha kawaida. Kwa alumini tupu na rimu za spree ya mtaani jaribu kwanza sehemu ndogo ya nyuma.

Siki na ndimu zinafaa?

Zinafaa kazi chache tu, kutoa madoa ya maji ya chumvi, chokaa na saruji iliyoganda kwenye rimu yenye kliya. Siki nyeupe nusu, maji nusu, paka kwa kitambaa, dakika moja au mbili, suuza kwa maji mengi. Ndimu inafanya kazi hiyo hiyo ila nyuzi na sukari zake zinabaki, mimi naona siki ni bora. Usiiache ikaukie pale na usiitumie kwenye alumini tupu, hata kama ni asidi hafifu bado ni asidi.

Stilwaya je, kwa uchafu sugu?

Hapana. Hata kwenye rimu ya chuma iliyopakwa rangi hapana. Na ile sponji ya kijani ya kusugulia masufuria nayo ni hapana, inakwaruza kliya vizuri tu. Uchafu ukikataa kwa sponji laini ongeza muda wa kuloweka, usiongeze nguvu ya mkono.

## Matairi yenyewe

Matairi yangu yamekuwa ya kahawia na bado si ya zamani, ni feki?

Siyo lazima. Ndani ya mpira kiwandani wanaweka kemikali za kuulinda na ozoni na jua, na hizo zinatembea polepole kuja juu ya tairi, zikikutana na hewa zinageuka kahawia. Yaani ule ukahawia ni tairi linajilinda. Unatoka kwa sabuni na brashi ya nailoni, sugua, suuza, rudia mpaka povu litoke jeupe badala ya la kahawia. Mara ya kwanza utarudia hata mara tatu. Usitafute dawa kali ya kuung'oa wote, ukikausha kinga ya tairi kila wiki linapasuka mapema.

Dizeli, mafuta ya taa au oili chafu, si ndiyo vinang'arisha matairi?

Vinang'arisha siku hiyo. Mpira na mafuta ya petroli havipatani, mafuta yanaingia ndani, mpira unavimba na kulainika, baadaye unakauka na kuanza mipasuko midogomidogo ubavuni. Ubavu wa tairi ndiyo unabeba gari ukiwa spidi mia njia ya Korogwe na Segera, siyo mahali pa kufanyia majaribio. Oili chafu ina ubaya wa ziada, inarukia breki na inaacha njia nyeusi kwenye sakafu ya watu.

Vijana wakikupulizia dizeli chini ya gari zima kuzuia kutu, waambie waepuke matairi, na mabushi ya mpira pia.

Gilisarini inafaa kweli?

Inafaa, na kwa bei yake mimi ndiyo naipendekeza kwa mtu wa kawaida. Ile ile ya kupaka mwilini inayouzwa maduka ya vipodozi na ya dawa. Sehemu moja ya gilisarini kwa mbili au tatu za maji, paka kwa sponji kwenye tairi lililooshwa na kukauka, acha ikae kama robo saa, futa iliyozidi. Haidhuru mpira, inatoa weusi wa kawaida usio na mng'ao wa kupitiliza. Ubaya wake inayeyuka kwenye maji kwa hiyo mvua moja ya masika inaondoka nayo, na usipofuta iliyozidi inavuta vumbi.

Mafuta ya nazi yanaulizwa sana pia. Sishauri, yanashika mchanga na vumbi mpaka tairi linakuwa na ukoko.

Za dukani nichague ipi?

Soma kopo. Ya maji huwa nyeupe kama maziwa, inakauka vizuri, salama kwa mpira. Ya silikoni yenye viyeyusho huwa haina rangi, inateleza, inang'aa sana na inadumu, lakini vile viyeyusho ndivyo vya kuhofia na ukiendesha haijakauka inarukia ubavu wa gari lote. Chukua ya maji.

Nipake na pale tairi linapokanyaga ili lipendeze lote?

Usijaribu. Paka ubavu tu. Sehemu inayokanyaga lami ikiwa na dawa ya kuteleza, breki ya kwanza utajua. Na dawa isiguse diski.

Nimeosha matairi nikaona mipasuko midogo, nifanyeje?

Kumbe tope lilikuwa linaficha. Ukishaosha tafuta ubavuni alama ya DOT, mwisho wake kuna tarakimu nne, mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka, kwa hiyo 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Hii ni muhimu sana kwa matairi ya mtumba ambayo kashata zake (yale meno yanayokanyaga barabara) bado nzuri lakini umri umekwenda. Mipasuko ya juujuu isiyoshika ukucha ifuatilie. Ikishika ukucha, ikionyesha nyuzi, au kukiwa na uvimbe, hakuna dawa ya kupaka, nenda kwa fundi wa matairi akuangalizie ubadilishe.

## Chumvi, saruji, lami na mambo mengine ya kwetu

Naosha vizuri lakini rimu zikikauka zinabaki na madoa meupe, kwa nini?

Maji. Visima vingi vya karibu na bahari vina chumvi na chokaa, maji yanakauka yanaacha hivyo vitu juu ya rimu, na jua la Tanga linavioka. Osha kwa maji hayo kama ndiyo uliyo nayo lakini ndoo ya mwisho ya kusuuza iwe ya bomba au ya mvua uliyokinga, halafu kausha hapo hapo kwa taulo. Madoa ambayo yameshakaa tumia siki kama nilivyoeleza juu.

Nimeingiza gari ufukweni, au limekanyaga maji ya bahari. Nisubiri mpaka Jumamosi?

Usisubiri hata kesho. Maji safi, mengi, siku hiyo hiyo, na usioshe kwa juu tu. Ingia ndani ya rimu, nyuma ya spoku, kwenye naati, kwenye kaliparesi na chini ya gari. Sogeza gari mbele kidogo, matairi yazunguke nusu mzunguko, ili upande wa rimu uliokuwa chini uje juu, suuza tena. Mchanga wa bahari unaobaki ndani ya rimu unaweza hata kuufanya usukani utetemeke kwa sababu balansi imevurugika.

Rimu zimepata vumbi la saruji au chokaa, limeganda.

Linatokea sana kwa wanaopita nyuma ya malori njia ya Pongwe na wenye gari za saiti. Saruji ikiwa kavu usifute kwa kitambaa, inakwaruza vibaya, na ikiloana kidogo tu halafu ikakauka inaganda na pia inachoma rangi. Mwaga maji mengi kwa muda mrefu liondoke lenyewe. Lililoganda lilowekee kitambaa chenye siki na maji kwa dakika chache, litalainika, suuza, rudia. Usichokonoe kwa bisibisi.

Lami imerukia rimu.

Waliopita barabara ya Pangani wakati wa ujenzi wanaijua hii. Paka mafuta ya kupikia juu ya doa, acha kama robo saa, futa taratibu, osha kwa sabuni. Ikikataa, mafuta ya taa kidogo sana kwenye kitambaa, gusa doa peke yake kwenye rimu yenye kliya ya kiwandani, osha mara moja kwa sabuni. Yasiguse tairi, na rimu ya spree ya mtaani usijaribu, rangi itatoka pamoja na lami.

Naweza kwenda kuoshea mtoni?

Usiende. Maji ya bomba ya Tanga mjini yanatoka bwawa la Mabayani kwenye mto Zigi, kwa hiyo grisi na vumbi la breki unalolimwaga huko juu linakuja kwa mama yako kwenye bomba. Sheria ya mazingira ya mwaka 2004 nayo inakataza shughuli zinazoharibu mazingira ndani ya mita 60 za kingo za mito na ufukwe.

## Mazingira ya pekee

Mashine ya presha inaharibu?

Inaharibu ikisogezwa karibu. Kaa kama sentimeta 30 kutoka kwenye rimu na tairi, tumia mdomo wa kutawanya maji siyo ule wa sindano, na usielekeze mahali pamoja kwenye ubavu wa tairi au kwenye valvu. Angalia pia vile vyuma vya balansi vilivyobandikwa ndani ya rimu, presha inavibandua na gari linaanza kutetemeka. Kliya iliyoanza kubabuka usiipige presha kabisa, itaondoka vipande vipande.

Nimetoka Dar, rimu za moto, niwape vijana waoshe hapo hapo?

Wasubiri. Diski ya moto ikimwagiwa maji ya baridi inaweza kupinda, ukikanyaga breki pedali inatetemeka. Na dawa yoyote ikigusa rimu ya moto inakauka kabla hujasuuza, inaacha doa. Kunywa chai kwanza, nusu saa inatosha kwa kawaida.

Baada ya kuosha asubuhi naona diski zina kutu, nimeharibu?

Hapana, diski ni chuma kisicho na rangi, kutu ya juujuu inatoka ukikanyaga breki mara chache. Ila usioshe na kulipaki hapo hapo usiku mzima umevuta handibreki, kwa unyevu wa pwani pedi zinaweza kunata. Zunguka kidogo mtaani ukigusa breki taratibu zikauke, ndiyo upaki.

Kromu imeanza vidoa vya kutu.

Chukua foili ya jikoni, ikunje, ichovye kwenye maji, sugua taratibu. Foili ni laini kuliko kromu kwa hiyo inatoa kutu bila kuchora. Futa, kausha, paka waksi. Ikiwa kromu imeshainuka na kubanduka hapo hakuna cha kusugua tena, na kingo zake zinakata vidole.

Chini ya kliya kuna michirizi myeupe inatambaa, nikiosha haitoki.

Hiyo ni kutu ya alumini, imeingia pale rimu ilipokwaruzwa na kingo za barabara au naati, chumvi ikapita chini ya kliya. Huwezi kuiosha kwa sababu iko chini ya kliya, siyo juu. Tiba ni fundi kuondoa kliya yote, kusugua na kupaka upya. Unachoweza kufanya wewe ni kuziba mapema: mkwaruzo mpya usafishe, kausha kabisa, gusia rangi na kliya kidogo kabla chumvi haijaingia. Na waksi kwenye rimu safi kila baada ya wiki kadhaa inasaidia sana, vumbi la breki halishiki.

Za mati na za spree ya mtaani?

Za mati: shampuu na sponji laini, basi, poloshi na waksi ya kung'arisha zinaleta mabaka yanayong'aa. Za spree: muulize fundi kama aliweka kliya, kama hakuweka usiguse dawa yoyote zaidi ya shampuu, na zikiwa mpya zipe kama mwezi zikomae kabla ya kusugua.

Sioshi mwenyewe, napeleka. Niwaambie nini vijana?

Ongea nao vizuri kabla hawajaanza, siyo baadaye kwa ukali. "Mdogo wangu, rimu nifanyie kwa sabuni ya gari tu, usiweke dawa, mwagia maji kwanza halafu ndiyo usugue, na kitambaa cha rimu kisipite kwenye bodi." Ukiweza nenda na brashi yako na chupa yako ya shampuu, na akifanya taratibu mwongezee kidogo, maana analipwa kwa gari na kila dakika anayokaa kwenye rimu zako ni yake.

Haya yote yanahusu bodaboda, bajaji na baiskeli?

Sabuni na maji ndiyo, rimu za pikipiki za kromu fuata jibu la foili. Lakini dawa ya kung'arisha matairi sahau. Gari likiwa na dawa ubavuni sawa, pikipiki inalala kwenye kona na ule ubavu unagusa barabara, abiria nyuma, mnateleza wote wawili. Bajaji tairi ni dogo, dawa inafika kwenye kashata haraka, nayo acha.

Baiskeli ambazo breki zake zinabana rimu, na hapa Tanga ni nyingi, usipake mafuta, waksi wala gilisarini yoyote kwenye rimu, hata tone, maana pale rimu ndiyo breki yenyewe. Futa kwa kitambaa chenye maji na sabuni kidogo, suuza, kausha, angalia kama mipira ya breki haijashika vichanga, vikiwemo vitoe kwa ncha ya sindano.